Kuifufua kompyuta ya mezani, kuchukua mtumba wa karibuni, au kuunda mpya: ulinganisho kwa walio Mombasa

Kompyuta ya mezani ikianza kuchoka, watu huuliza kana kwamba njia ni mbili: kuitengeneza au kununua sehemu na kuunda nyingine. Mombasa njia ni tatu. Ya tatu ni zile kompyuta za maofisini zilizotumika Uingereza na Ulaya, ambazo madukani huitwa ex-UK, na mara nyingi ndiyo inayozishinda hizo mbili. Hapa tunazilinganisha zote tatu kwa kigezo kimoja kilicho juu ya vingine: pesa iende kwenye kitu utakachoweza kukihamishia kompyuta inayofuata. SSD, yaani diski isiyo na sehemu inayozunguka, huhama. Skrini huhama. UPS, ile betri ya kushikilia kompyuta stima ikikatika, huhama. Prosesa, yaani chipu kuu, ya kizazi cha 3 haihami kwenda popote.

Jua ulicho nacho

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, kisha soma jina la prosesa na modeli ya kompyuta. Kwa Intel Core, namba iliyo baada ya kistari ndiyo inayotaja kizazi: i5-3470 ni kizazi cha 3, i5-8500 ni cha 8. Zikiwa tarakimu tano, chukua mbili za mwanzo. I5-12400 ni kizazi cha 12. Ukikuta Core 2 Duo au Core 2 Quad, usiendelee na sehemu ya kufufua. Hiyo mpe SSD ndogo kama unayo tayari, itumike kuandikia barua, wala usiitolee hata shilingi.

| Kizazi | Mifano inayoonekana sana | Soketi (tundu la prosesa) | RAM (kumbukumbu ya kazi) | Windows 11 rasmi |
|---|---|---|---|---|
| 2 na 3 | Dell OptiPlex 790, 7010 | LGA1155 | DDR3 | Hapana |
| 4 | OptiPlex 9020, HP EliteDesk 800 G1, ThinkCentre M93p | LGA1150 | DDR3 | Hapana |
| 6 na 7 | OptiPlex 7040, 7050, EliteDesk 800 G2 na G3 | LGA1151 | DDR4, lakini OptiPlex 3040 hutumia DDR3L | Hapana |
| 8 na 9 | OptiPlex 7060, 7070, EliteDesk 800 G4 na G5 | LGA1151 | DDR4 | Ndiyo |

Angalia mistari miwili ya mwisho. Soketi ina jina moja, lakini prosesa ya kizazi cha 8 haifanyi kazi kwenye ubao mama (ubao mkuu unaobeba vipande vyote) wa kizazi cha 6 au cha 7, hata ikiingia vizuri. Hapo wanunuzi wengi hupoteza pesa, maana muuzaji akiulizwa "inaingia?" hujibu kwa haki kabisa kwamba inaingia.

Ugonjwa ni upi?

Kabla ya kununua chochote, fungua kila kitu unachokitumia siku ya kazi: kivinjari na vichupo vyako vyote, Excel, programu ya hesabu za duka, WhatsApp ya kompyuta. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, halafu tazama safu za prosesa, RAM na diski kwa dakika kumi hivi.

Diski ikikaa asilimia 100 huku prosesa iko chini ya 20, tatizo ni diski, na prosesa haina kosa. RAM ikipita asilimia 85 na diski nayo ikapanda, RAM imejaa na Windows inaazima nafasi kwenye diski. Prosesa ikiwa ndiyo iliyo asilimia 100 wakati huo wote, hapo ndipo umri wa kompyuta unapokuwa hoja. Kwenye kompyuta nyingi za umri huu zenye diski ya kuzunguka, jibu huwa la kwanza.

Angalia pia afya ya diski kwa CrystalDiskInfo, programu ya bure. Mistari ya kutazama ni 05 na C5: sekta zilizokwisha kuhamishwa, na zile zinazosubiri kuhamishwa. C5 ikiwa juu ya sifuri, toa nakala ya mafaili yako leo, na hayo mengine yafuate.

Joto lipime kwa HWiNFO. Prosesa ikikaribia nyuzi 100 hujipunguzia kasi yenyewe, na chumba cha Mombasa mwezi wa Machi hakina baridi ya kuisaidia. Kompyuta ambayo haijafunguliwa miaka mitano huwa na blanketi la vumbi kati ya feni na kipoza joto, na pesti ya prosesa imekauka ikawa kama chokaa. Ipulizie vumbi nje ya nyumba, shika feni kwa kidole isizunguke ovyo, futa pesti ya zamani kwa spiriti ya isopropili, kisha weka mpya kiasi cha punje ya mchele. Kompyuta inayojizima au kujiwasha upya bila mpangilio ina ugonjwa mwingine: kagua pawasaplai, na tazama kama kapasita za ubao mama zimevimba vichwa. Zikiwa zimevimba, mjadala wa kufufua umekwisha.

Njia ya kwanza: kuifufua

Anza na SSD, kwa kuwa ndiyo badiliko kubwa kuliko yote na ndiyo inayohama. Diski ya kuzunguka husoma kiasi cha megabaiti 100 hadi 150 kwa sekunde, na SSD ya SATA (plagi ya kawaida ya diski) hufika karibu 550, ila hiyo namba inaficha tofauti yenyewe. Windows inapowaka husoma maelfu ya mafaili madogo yaliyotawanyika. Diski ya kuzunguka lazima isogeze kichwa chake kila mara. SSD haina cha kusogeza.

Kwa kizazi cha 3 na cha 4 nunua SSD ya SATA ya inchi 2.5. Usishawishiwe na NVMe (aina ya SSD yenye kasi zaidi) yenye kadi ya kuchomeka: mbao mama hizo hazijui kuwasha Windows kutoka humo bila BIOS (programu ya kuwashia iliyo ndani ya ubao mama) kuchezewa. Kama kasha halina mahali pa inchi 2.5, gundi ya pande mbili inatosha, kwani ndani hakuna kinachozunguka. Kwenye OptiPlex 7010, chomeka kwenye SATA 0 au 1, ambazo ndizo za gigabiti 6. Nyingine ni za 3.

Kabla ya kuweka Windows, ingia BIOS uone kama hali ya SATA ni RAID au AHCI. Dell nyingi hutoka kiwandani zikiwa RAID. Chagua AHCI sasa hivi, kwa sababu ukiibadilisha baada ya Windows kuwekwa, itagoma kuwaka na skrini ya bluu italalamika kwamba diski ya kuwashia haifikiki. Mafundi wengi hapo hulaumu SSD na kuirudisha dukani bila kosa.

SSD feki zipo. Inayodai terabaiti 1 kwa bei ya 256GB ina chipu ndogo iliyoandikwa uongo, na uongo hujulikana pale unapoijaza. Ijaribu kwa H2testw, ambayo hujaza nafasi yote kisha husoma ilichoandika. Fanya hivyo siku za mwanzo, risiti ikiwa bado ina nguvu.

RAM ndiyo ya pili. 8GB ni kima cha chini cha kazi ya ofisi, na 16GB ni starehe. Weka vijiti viwili vinavyolingana, kwa mfano 4GB mbili au 8GB mbili, ili njia zote mbili za kumbukumbu zifanye kazi. Hili husaidia zaidi kompyuta isiyo na kadi ya grafiki, maana grafiki ya ndani huazima RAM hiyo hiyo. OptiPlex 7010 ya kasha la kawaida ina nafasi nne na hupokea hadi 32GB.

Kwenye DDR3 iliyotumika kuna mitego mitatu. Ya kwanza ni RAM ya seva, yenye alama ya ECC na R karibu na namba yake: ni rahisi mno, na kompyuta yako haitawaka nayo. Ya pili ni vijiti vya 8GB vinavyofanya kazi kwenye mbao mama za AMD peke yake. Kwa macho havina tofauti, bei yake huvutia, na kwenye Intel hutoa milio tu au taa ya rangi ya chungwa inayopepesa. Muulize muuzaji waziwazi kama inafanya kazi kwenye Intel, na aandike kwenye risiti. Ya tatu ni kudhani RAM imekufa ilhali miguu yake ya shaba imeshika kutu. Huku pwani hilo ni la kawaida. Isugue taratibu kwa kifutio cha penseli, ifute kwa isopropili, kisha irudishe mpaka klipu za pembeni zilie.

Kwenye prosesa tusikawie. Kutoka Pentium, Celeron au i3 kwenda i5 au i7 ya kizazi kilekile kuna faida, kama bei ni ndogo. Kutoka i5-3470 kwenda i7-3770 unapata nyuzi za kazi (threads) nane badala ya nne, zote zikiwa za wati 77, na mwenye kivinjari na Excel hataona badiliko la maana. Sasisha BIOS kwanza, na ukumbuke kwamba pini ziko ndani ya soketi: ukikunja moja, umeua ubao mama.

Kadi ya grafiki inategemea kasha na pawasaplai. Pawasaplai ya OptiPlex 7010 ndogo ni ya wati 240 na haina waya wa ziada wa kadi, hivyo chagua isiyozidi wati 75 inayochukua umeme kwenye sloti yake: GT 1030, GTX 1050 Ti au GTX 1650, na kwa kasha jembamba lazima iwe ya kimo kifupi. Kati ya hizo tungechukua 1650. Nvidia iliacha kutoa draiva za kawaida za michezo kwa familia ya 1050 Ti Oktoba 2025, ikabakiza viraka vya usalama. RX 6400 nayo ina njia nne tu za mawasiliano na ubao mama (PCIe), kwa hiyo kwenye ubao mama wa zamani hupoteza nguvu nyingi.

Sasa mtego mkubwa wa njia hii. Fundi anaweza kukwambia, "tutabaki na kasha hili na pawasaplai yake, tubadilishe ubao mama tu." Kwenye kompyuta za kuungwa sokoni, sawa. Kwenye Dell, HP na Lenovo za ofisi, uliza mara mbili. OptiPlex 7010 bado ina plagi ya pini 24 ya kawaida, lakini 9020 ina ya pini 8, EliteDesk 800 G1 ina ya pini 6, na ThinkCentre M93p ina ya pini 14. Waya za kitufe cha kuwashia nazo zina plagi za kampuni, na bati la nyuma mara nyingi limekatwa kwa ubao mama ule ule. Adapta zipo, lakini mwisho wake ni kufunga injini mpya kwenye tuktuk yenye chasi iliyooza. Kompyuta za namna hii hufufuliwa kwa SSD na RAM, basi. Ubao mama ukifa, chukua diski yako uondoke.

Suala la Windows

Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, ikatoa mwaka mmoja wa nyongeza wa viraka vya usalama hadi 13 Oktoba 2026 kwa wanaojiandikisha. Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama), kuwaka kwa njia salama ya UEFI, na Intel ya kizazi cha 8 au Ryzen 2000 kwenda juu. Kizazi cha 3, cha 4, cha 6 na cha 7 viko nje.

Fundi ataiweka kwa programu ya Rufus, ambayo huruka ukaguzi huo, na itafanya kazi. Gharama huja baadaye: toleo la kila mwaka huenda lisijilete lenyewe, kwa hiyo utarudi kuliweka kwa mkono, na Microsoft haiahidi chochote. Kwa kompyuta ya mtoto wa shule hilo si neno. Kwa mashine ya duka inayoingia benki na M-Pesa ya biashara, hatulipendekezi. Core 2 Duo haina hata njia hiyo, kwa sababu tangu toleo la 24H2 Windows 11 inadai amri za prosesa ambazo chipu hiyo haina.

Linux Mint 22 inahudumiwa hadi 2029 na huenda vizuri kwenye kizazi cha 3 chenye SSD na 8GB. eCitizen na barua pepe hufunguka kwenye kivinjari chochote. Tatizo ni mafaili ya Excel yenye makro, yale ya iTax yakiwemo: LibreOffice haiziendeshi makro zote kama Excel. Saiba inayojazia watu ritani mwezi wa Juni ibakize angalau mashine moja ya Windows yenye Excel halisi.

Njia ya pili: mtumba wa kizazi cha 8 au cha 9

Hii ndiyo tungeipendekeza kwa ofisi nyingi, duka, na nyumba yenye wanafunzi. i5-8500 ina viini (cores) sita, inapokea Windows 11 kwa haki, ubao mama wa nyingi una nafasi ya NVMe, na kompyuta huja na leseni ya Windows iliyofungwa kwenye ubao wake. Ulichonunua kwa kufufua, yaani ile SSD, huingia humu bila shida. RAM ya DDR3 haiingii, ndiyo maana kwenye njia ya kwanza tusingejaza 16GB bila sababu nzito.

Ukizunguka madukani Moi Avenue au Digo Road, usikubali kuiona ikiwaka tu. Kaa nayo nusu saa. Ingia BIOS: ikikuomba nenosiri ambalo muuzaji halijui, iache hapo hapo, kwa kuwa kwenye baadhi ya modeli kuliondoa ni kazi ngumu. Andika namba ya huduma ya Dell kwenye tovuti yao uone ilitoka kiwandani mwaka gani na ikiwa na prosesa ipi. Soma jina la prosesa ndani ya Windows, si kwenye stika, maana stika huhamishika kuliko sehemu yoyote ya kompyuta. Andika tpm.msc uhakikishe ni toleo la 2.0. Pima saa za diski kwa CrystalDiskInfo. Chomeka flashi kwenye kila mlango wa USB, mbele na nyuma, na uangalie kutu ya kijani kwenye milango ya nyuma: mashine iliyokaa stoo karibu na bahari huanzia hapo kuoza.

Angalia umbo pia. Zile ndogo kama kitabu, yaani OptiPlex Micro, EliteDesk Mini na ThinkCentre Tiny, hutumia RAM ya laptopu, na karibu zote hazina sloti ya kadi ya grafiki. Kwa kaunta ya duka ni nzuri sana. Kwa anayewaza michezo kesho, achukue kasha kubwa la mnara.

Njia ya tatu: kuunda mpya

Kuunda kuna maana pale kazi inapotaka nguvu ambayo mtumba hauna, au pale unapotaka kompyuta utakayoibadilisha kipande kwa kipande kwa miaka mingi, kwa vipimo vya kawaida vya soko. Kwa kazi za kati, mpangilio unaosimama ni Ryzen 5 5600G yenye viini sita na grafiki ya ndani, ubao mama wa B550, RAM ya DDR4 vijiti viwili vya 8GB vya 3200, SSD ya NVMe ya 500GB, na pawasaplai ya wati 500 au 550 yenye alama ya 80 Plus Bronze. Upande wa Intel, i3-12100 na ubao wa H610 hutosha ofisi kwa miaka mingi. Soketi ya AM5, iliyotoka 2022, ndiyo AMD iliyoahidi kuihudumia hadi 2027 na kuendelea, lakini inalazimisha DDR5.

Na hapo ndipo penye uchungu. Tangu mwishoni mwa 2025 bei ya RAM mpya imepanda sana duniani, kwa sababu Samsung, SK Hynix na Micron wameelekeza nguvu zao kwenye kumbukumbu za vituo vya data vya akili unde. Micron ilitangaza Desemba 2025 kwamba inaacha kuuza Crucial kwa wateja wa kawaida. Uliza bei ya RAM kwanza, kabla ya prosesa, na uamue kati ya DDR4 na DDR5 kwa bei hiyo.

Makosa ya kuunda ni yale yale kila mara. Prosesa ya Intel yenye F mwishoni, mfano i5-12400F, haina grafiki ya ndani. Ryzen 5 5600 isiyo na G vivyo hivyo. Ukiziunga bila kadi, skrini itabaki nyeusi na utahangaika siku nzima ukitafuta kosa lisilokuwapo. Ubao wa B450 uliokaa rafuni huenda una BIOS isiyoijua Ryzen 5000. Chagua unaoweza kusasishwa kwa flashi bila prosesa. H610 zipo za DDR4 na za DDR5, jina moja, nafasi tofauti. Kabla ya kufunga skrubu za ubao mama, hesabu nguzo za shaba kwenye kasha: iliyozidi chini ya ubao huleta shoti. Usisahau waya wa umeme wa prosesa, ule wa pini nane juu kushoto. Feni zikizunguka na skrini ikawa kimya, angalia hapo kwanza.

Skrini ya zamani yenye VGA peke yake itahitaji adapta, kwani mbao nyingi mpya hutoa HDMI na DisplayPort. Na leseni ya Windows ya kompyuta ya zamani haihami: ile ya kiwandani imefungwa kwenye ubao wake. Iweke kwenye bajeti, maana huwa ndiyo gharama inayosahauliwa.

Kipande kisichopatikana hapa hutumwa kutoka Nairobi kwa basi la usiku. Kikifika na kasoro, kurudisha kunakula muda na nauli, hivyo ubao mama na pawasaplai ni afadhali kuvinunua Mombasa hata kwa bei ya juu kidogo. Uliza pia kama bei uliyotajiwa ina VAT ya asilimia 16, na waranti ni ya duka au ya kiwanda.

Chumvi, unyevu na stima

Kompyuta isiyotumika huoza haraka kuliko inayotumika, kwa kuwa joto lake lenyewe hufukuza unyevu. Usiiweke mbele ya dirisha linaloangalia bahari, hasa wakati wa kusi. Ukiunda mpya, chagua kasha lenye vichujio vinavyotoka, feni mbili za kuingiza na moja ya kutoa, ili hewa ipite kwenye kichujio badala ya kunyonywa kupitia kila upenyo.

Stima ikikatika na kurudi, ule mpigo wa kurudi ndio unaoua pawasaplai. UPS ya 650VA inatosha kompyuta ya ofisi na skrini, na ni dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima, si za kuendelea kufanya kazi. Baadhi ya pawasaplai mpya hazipatani na UPS za bei nafuu zenye wimbi la mraba: stima ikikatika, kompyuta huzimika hata UPS ikiwa imejaa. Jaribu kwa kuchomoa UPS ukutani ukiwa huna kazi wazi. Mpate fundi wa stima apime earthi pia; bila hiyo, kilinzi cha umeme hakina pa kumwaga.

Hesabu

Chukua bei za mfano, kisha uweke zako. Tuseme SSD ya 256GB ni 3,500, RAM ya kuongeza 1,500, pesti na betri ya CR2032 ni 500: kufufua ni 5,500. Mtumba wa kizazi cha 8 ni 22,000. Kuunda mpya na leseni ni 65,000. Kanuni tunayoitumia: kufufua kukipita theluthi moja ya bei ya mtumba wa kizazi cha 8, acha, isipokuwa ziada hiyo ni SSD itakayohama. Hapa theluthi ni kama 7,300, kwa hiyo 5,500 inakubalika. Ukiongeza i7 ya 4,500 unafika 10,000, nayo haikubaliki.

Watu hutetea kompyuta mpya kwa bili ya stima. Tuseme mpya inapunguza wati 30, inawaka saa 10 kwa siku 26 za mwezi: ni uniti 7.8. Kwa shilingi 28 kwa uniti, ni shilingi 218 kwa mwezi, kama 2,600 kwa mwaka. Kwa mashine moja, hoja hiyo haina uzito. Kwa saiba ya mashine kumi ni 26,000 kwa mwaka, na hapo mtumba mmoja umejilipa.

Nani achukue ipi

Ofisi ndogo, duka na saiba: kama ni kizazi cha 4 na ubao ni mzima, SSD leo, kisha mtumba wa kizazi cha 8 kabla ya Oktoba 2026, ukihamisha SSD ile ile.

Mwanafunzi na mtu wa nyumbani: fufua. Video za YouTube zikikwama kwenye kizazi cha 3, si intaneti peke yake. Grafiki yake haijui kufungua VP9 na AV1, miundo ya video inayotumiwa na YouTube, hivyo prosesa hubeba mzigo wote. Kiongezi cha kivinjari kinachoitwa h264ify hulazimisha muundo wa zamani wa H.264, na kukwama hupungua.

Studio ya picha na video za harusi: usifufue kabisa. Simu na kamera nyingi za sasa hurekodi kwa muundo wa video wa HEVC, na kizazi cha 3 na cha 4 hazina sehemu ya kuifungua. Kizazi cha 7 kwenda juu hufungua hata ya biti 10. Picha peke yake, mtumba wa kizazi cha 8 wenye 16GB. Video kila wiki, unda: i5-12400 yenye grafiki ya ndani, 32GB, NVMe ya terabaiti 1, na diski ya kuzunguka ya kuwekea harusi zilizokwisha kulipwa.

Mchezaji: EA Sports FC 25 inataka angalau i5-6600K, GTX 1050 Ti na 8GB, na Valorant kwenye Windows 11 haifunguki bila TPM 2.0. Mtumba wa kizazi cha 8 wa kasha la mnara na GTX 1650 ndiyo mlango wa kuingilia. Mwenye bajeti ya kuunda asianze na kadi. Aanze na pawasaplai nzuri na ubao mama wa B550, acheze na grafiki ya ndani ya 5600G kwa miezi kadhaa, kisha kadi ifuate bei ikimfaa.